Mabata wa mwitu wa Tanzania

Mabata wa mwitu wa Tanzania ni ndege wa maji wa familia Anatidae wanaoishi katika maziwa, mito, mabwawa na mbuga za maji za nchi hiyo, au wanaopita huko kwa majira, bila kufugwa na watu. Familia hii ina mabata, mabata bukini na mabatamaji. Tanzania ina spishi takriban 14 za Kiafrika, na kila mwaka hupokea spishi nyingine kadhaa kutoka Ulaya na Asia wakati wa majira ya baridi ya kaskazini. Batamaji wa mwitu hayupo Tanzania. Ndege huyo mweupe mwenye shingo ndefu anayeonekana katika vitabu vya hadithi na kadi za harusi huzaa Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Wako pia mabatamaji wa Australia na wa Amerika ya Kusini, lakini Afrika kusini kwa Sahara haina batamaji wake wa asili.

Idadi kubwa ya mabata wa mwitu iko mashambani, katika mabonde yanayofurika kama Kilombero, Usangu na Malagarasi. Hata hivyo wachache hufika mijini, na jiji la Dar es Salaam lina bonde la maji katikati yake, yaani bonde la mto Msimbazi katika wilaya ya Ilala.

Jina

Neno "bata" limetoka katika Kiarabu. "Bukini" lilikuwa jina la kale la Kiswahili la kisiwa cha Madagaska, kwa hiyo bata bukini ni "bata wa Madagaska", ingawa leo jina hilo hutumiwa kwa mabata wakubwa wa aina zote, wa mwitu na wa kufugwa. Bata mzinga si bata hata kidogo. Ni ndege wa jamii ya kuku kutoka Amerika ya Kaskazini, na miguu yake haina ngozi kati ya vidole.

Bata wengi wanaofugwa uani Buguruni au Vingunguti, na wanaouzwa katika soko la Kisutu pamoja na kuku, nao si wa asili ya Tanzania. Yule mzito mwenye uso mwekundu wenye vinundu, ambaye halii bali hutoa sauti kama ya kupuliza, ni Cairina moschata kutoka Amerika ya Kati na ya Kusini. Yule mweupe mwenye domo la njano, "bata wa Kichina", ana asili katika bata wa kaskazini, Anas platyrhynchos. Kati ya spishi za Afrika, bata bukini wa Misri aliwahi kuwekwa na Wamisri wa kale, lakini hakuna iliyogeuka kuwa mfugo wa kawaida wa kijijini. Kwa hiyo msemo wa vijana wa mjini wa "kula bata", yaani kustarehe, hauna uhusiano na ndege wanaoelezwa hapa.

Umbo na maisha

Mabata wana miguu mifupi yenye ngozi kati ya vidole vitatu vya mbele, na domo pana lililo bapa. Kingo za ndani za domo zina vichanuo vinavyochuja maji na matope na kuacha mbegu, wadudu na konokono wadogo. Karibu na mkia wako na tezi ya mafuta. Ndege huyasugua mafuta hayo kwa domo na kuyapaka manyoya, na ndiyo sababu maji humteleza bila kumlowanisha.

Kuna namna tatu za kujilisha. Mabata wa jenasi Anas na Spatula huelea na kuinamisha kichwa chini mpaka mkia unasimama juu, kwa hiyo wanahitaji maji ya kina kifupi. Wengine huzamia kabisa na kufikia chakula cha chini. Mabata bukini hupanda nchi kavu na kula majani kama mbuzi. Tofauti hii ina maana kubwa kwa uhifadhi, kwa sababu bwawa lililochimbwa likawa na kingo wima na kina kirefu linaweza kuwa na maji mwaka mzima lisiwe na bata wa kuchovya hata mmoja.

Jambo lisilojulikana na wengi ni namna mabata wanavyobadilisha manyoya. Ndege wengi hunyonyoka unyoya mmoja mmoja na kuendelea kuruka. Bata hupoteza manyoya yote ya kurukia kwa mara moja, na kwa muda wa wiki tatu au nne hawezi kuruka. Katika kipindi hicho hujificha ndani ya matete au hukaa katikati ya ziwa pana. Bwawa likikauka wakati huo, au mbwa na wawindaji wakiingia, hana njia ya kukimbia. Mahali pa kunyonyokea manyoya kwa hiyo ni muhimu sawa na mahali pa kutagia.

Spishi nyingi za Tanzania hazina mwezi maalumu wa kuzaa. Hufuata maji: mvua ikinyesha na mbuga ikijaa, hutaga, mvua ikikosekana, huweza kuacha. Wengine hutaga chini katika majani marefu, wengine katika matundu ya miti. Makinda hutoka katika yai wakiwa na malaika tayari na huweza kuogelea mapema sana. Wale waliozaliwa ndani ya mti huruka kutoka tunduni mpaka chini wakiitwa na mama, na wepesi wao huwaepusha na madhara.

Spishi za Afrika

Bata wa filimbi mwenye uso mweupe (Dendrocygna viduata) huenda ndiye bata wa mwitu anayesikika zaidi nchini. Ana shingo ndefu, husimama wima, na uso wake mweupe hutenganishwa na kisogo cheusi kama aliyejipaka unga. Sauti yake si ya bata: ni filimbi ya vipande vitatu, na husikika hasa usiku kundi linapotoka bwawani kwenda kulisha. Watu wengi wa pwani wameisikia juu ya paa bila kujua ni ndege gani. Dume na jike hufanana kabisa na hupokezana kuatamia. Spishi hii inaishi Afrika, Madagaska na Amerika ya Kusini, mtawanyiko ambao wataalamu wameujadili muda mrefu. Ndugu yake mwenye rangi ya kutu (Dendrocygna bicolor) ametawanyika zaidi, kwani anapatikana pia Asia ya Kusini na Amerika. Wote wawili hupenda mashamba ya mpunga.

Bata mwenye mgongo mweupe (Thalassornis leuconotus) ni ndege wa kukaa kimya. Huelea kati ya mayungiyungi bila kujongea, na akishtuka huzamia badala ya kuruka. Weupe wa mgongo hauonekani mpaka afungue mabawa, kwa hiyo alama ya kumtambua ni doa jeupe kwenye shina la domo. Dume ndiye anayeatamia zaidi, jambo lisilo la kawaida kwa mabata.

Katika mayungiyungi hayohayo huishi bata bukini mdogo wa Afrika (Nettapus auritus), ambaye kwa maoni ya wengi ndiye mzuri kuliko wote. Ana uzito usiofika gramu 300. Dume ana uso mweupe, domo la njano, doa la kijani lenye ukingo mweusi nyuma ya sikio, na ubavu wa rangi ya chungwa. Chakula chake kikuu ni mbegu za yungiyungi. Bwawa lililofunikwa na gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini ulioenea katika Ziwa Viktoria tangu miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, halimfai, kwa sababu gugu hilo huziba mwanga na kuua yungiyungi.

Bata bukini wa Misri (Alopochen aegyptiaca) ana rangi ya kahawia, doa la kahawia iliyokoza kama miwani kuzunguka jicho na jingine kifuani. Huishi wawili wawili na ni mgomvi. Dume hutoa sauti ya kukwaruza, jike hupiga kelele kama tarumbeta. Hutaga popote: chini, juu ya jabali, tunduni, hata juu ya tago kubwa la fundichuma. Wamisri wa kale walimheshimu na kumchora kutani. Huko Ulaya habari yake ni nyingine. Waliopelekwa kupamba bustani walitoroka wakazaana mpaka wakaenea Uholanzi, Ujerumani na nchi za jirani, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimweka katika orodha ya spishi vamizi. Watanzania wanaoishi Amsterdam au Frankfurt huweza kumkuta akila majani bustanini, na ni ndege yuleyule wa Ngorongoro.

Bata bukini mwenye mwiba bawani (Plectropterus gambensis) ndiye mkubwa kupita wote wa Afrika. Dume hufikia urefu wa karibu mita moja na uzito wa kilo sita au zaidi. Ni mweusi mwenye tumbo jeupe na domo jekundu, na kwenye kiungo cha bawa ana mwiba wa mfupa anaoutumia kupigana. Kwa ukubwa wake hutamaniwa na wawindaji, lakini nyama yake si salama kila mahali. Imeonekana Afrika Magharibi kuwa ndege hawa wakila mbawakawa wa malengelenge hukusanya sumu yao mwilini, na sumu hiyo haiharibiwi na kupikwa.

Bata mwenye nundu (Sarkidiornis melanotos) huonekana sana wakati wa mvua. Dume ana nundu kubwa nyeusi juu ya domo ambayo huvimba majira ya kuzaa. Jike hana nundu na ni mdogo zaidi kiasi cha kudhaniwa spishi nyingine. Hutaga katika matundu ya miti mikubwa, kwa hiyo mahali palipokatwa mibuyu na mikuyu hukosa pa kutagia hata kama maji yapo. Ni msafiri wa ndani ya Afrika: ndege waliovishwa pete za utafiti kusini mwa bara wamepatikana zaidi ya kilomita 3,000 kutoka pale.

Mabata wadogo wa kuchovya hutofautishwa kwa rangi ya domo. Mwenye domo jekundu na mashavu meupe ni Anas erythrorhyncha, mwenye domo la buluu ni Spatula hottentota, ambaye ni miongoni mwa mabata wadogo kabisa duniani, na mwenye domo la waridi na mwili wa kijivu ni Anas capensis, mpenzi wa maji ya magadi. Mwenye domo la njano (Anas undulata) ni mkubwa kidogo na hupenda nyanda za juu. Bata mweusi wa Afrika (Anas sparsa) huishi tofauti na wenzake, kwani hapendi mabwawa bali vijito vyenye mawe na maji yaendayo kasi milimani, ambapo kila jozi hulinda kipande chake cha mto.

Wazamiaji wengine ni wawili. Netta erythrophthalma ni wa kahawia iliyokoza na dume ana jicho jekundu. Oxyura maccoa ana mkia mgumu unaosimama na, kwa dume majira ya kuzaa, domo la buluu kali. Huyu wa mwisho ndiye anayetia wasiwasi kuliko wote. Anapatikana mashariki na kusini mwa Afrika tu, idadi yake ni ndogo na inapungua, na IUCN imemweka katika kundi la spishi zilizo hatarini kutoweka. Kwa kuwa hula viumbe vidogo vya kwenye matope chini ya maji, uchafuzi unaotuama chini humfikia kwanza.

Wageni wa kaskazi

Kuanzia Oktoba mpaka Machi au Aprili huja mabata waliozaa Urusi, Asia ya Kati na Ulaya ya mashariki. Spatula querquedula ndiye msafiri halisi: karibu wote wanaozaa Ulaya huhamia Afrika, na hakuna bata mwingine wa kaskazini anayetegemea bara hili kiasi hicho. Pamoja naye huja Anas acuta, mwenye mkia uliochongoka, na Spatula clypeata, mwenye domo kama koleo. Wengine huonekana mara mojamoja. Tanzania iko karibu na mwisho wa njia yao, kwa hiyo idadi hubadilika sana mwaka hadi mwaka. Mvua zikiwa nzuri Sudan Kusini na Ethiopia, wengi hawafiki huku.

Makazi

Makazi bora ni mbuga zinazofurika na kukauka. Bonde la Kilombero, kati ya milima ya Udzungwa na Mahenge, hujaa maji wakati wa masika na kugeuka majani yenye vidimbwi wakati wa kiangazi. Mwaka 2002 liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhioevu uliotiwa sahihi huko Iran mwaka 1971. Eneo la kwanza la Tanzania kuandikishwa lilikuwa Malagarasi-Muyovozi magharibi mwa nchi, mwaka 2000. Lina hekta milioni 3.25 za mito, maziwa, mafunjo na miombo, na ni miongoni mwa maeneo makubwa ya Ramsar duniani. Bonde la Ziwa Natron liliandikishwa mwaka 2001 na Rufiji-Mafia-Kilwa mwaka 2004.

Maziwa ya magadi ya kaskazini, kama Manyara na Momella, yana sifa ya heroe, lakini pia ni mahali pazuri pa kuona mabata wa domo la waridi na wazamiaji. Bahi karibu na Dodoma na Wembere hujaa miaka ya mvua nyingi tu.

Usangu ndipo mgogoro wa maji ulipoonekana wazi kuliko kokote. Mbuga hii ya Mbarali, mkoani Mbeya, hukusanya mito midogo na kuitoa kupitia kinamasi cha Ihefu kama mto Ruaha Mkuu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka kabisa kwa wiki au miezi kila kiangazi katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Wengine waliwalaumu wafugaji, wengine mifereji ya mpunga inayobaki wazi hata baada ya mavuno. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji wengi na mifugo yao, na mwaka 2008 Usangu iliunganishwa na hifadhi. Kuondoa ng'ombe hakukurudisha mto katika hali yake ya zamani, na hilo lenyewe linaonyesha kuwa mifereji ilikuwa na sehemu kubwa katika tatizo.

Mabata hawakuwa sababu ya mgogoro huo, umeme ndio uliokuwa. Maji ya Ruaha Mkuu huzungusha mitambo ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204), na Mtera ikishuka mgawo wa umeme uliwafikia wenye maduka ya Kariakoo. Hata mchele wa Mbeya na wa Ifakara unaopimwa kwa kilo sokoni hapo hutoka katika mabonde haya haya. Mkazi wa Ilala na bata wa Ihefu wanatumia maji mamoja.

Chini zaidi, Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022. Mafuriko ya Rufiji ndiyo yaliyokuwa yakijaza maziwa madogo ya bondeni kila masika, na bwawa hubadilisha kiasi na wakati wa mafuriko hayo. Wavuvi na wakulima wa huko hutegemea kujaa kwa maziwa hayo kama ndege wanavyotegemea.

Bonde la Msimbazi

Mto Msimbazi huanza katika milima ya Pugu wilayani Kisarawe, hupita Vingunguti na Jangwani, na kuingia Bahari ya Hindi penye Daraja la Selander. Urefu wake ni kilomita 35 hivi. Bonde lake la chini ni ardhioevu halisi: tambarare, lenye matete na majani marefu, na mdomoni lina mikoko. Manispaa ya Ilala, ambayo mwaka 2021 ilifanywa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, imelizunguka kwa nyumba, viwanda na barabara. Klabu mbili kubwa za soka nchini zimechukua lakabu zake hapo: Simba ni "Wekundu wa Msimbazi" kwa mtaa wa Kariakoo ulio na jina la mto, na Yanga ni "Watoto wa Jangwani".

Kwa bata wa kuchovya, tambarare ya namna hii ingekuwa mahali pema. Kinachokosekana ni maji safi na utulivu. Mto hupokea majitaka ya makazi na viwanda na damu ya machinjioni. Tafiti za kikemia tangu miaka ya 1990 zimekuta metali nzito katika mchicha na mboga nyingine zilizomwagiliwa maji ya bonde hili, na mboga hizo huliwa mjini. Sumu inayoingia katika mchicha inaingia pia katika mbegu na konokono wanaoliwa na ndege. Yupo pia kunguru wa India (Corvus splendens), aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima. Huyu hula mayai na makinda ya ndege wengine, na taka na machinjio humlisha mwaka mzima. Bata anayetaga chini majanini ana nafasi ndogo sana mbele yake.

Wanaovumilia zaidi mazingira kama haya ni mabata wa filimbi, kwa sababu hulisha usiku na huhama upesi. Duniani kote mabwawa ya kutibu majitaka huvuta mabata wa kuchovya, kwani yana viumbe wengi wadogo na watu wachache, na mabwawa ya Vingunguti ni ya aina hiyo. Mdomoni mwa mto ni vinginevyo: matope ya bahari yenye chumvi ni ya chokowe na sululu, na bata huko ni nadra.

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Baada ya hapo bonde limefurika tena mara nyingi, likifunga barabara ya Morogoro pale Jangwani na kuzamisha karakana ya mabasi yaendayo haraka. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza bonde, ambao unahusisha daraja jipya la Jangwani, kuwahamisha na kuwafidia wakazi wa sehemu hatarishi, na kugeuza tambarare kuwa bustani ya jiji inayoruhusiwa kufurika. Kwa ndege, jibu liko katika michoro ya kingo. Zikiwa za zege na nyasi fupi, watakuja kunguru na yangeyange. Yakiachwa madimbwi ya kina kifupi yenye matete na yungiyungi, mabata wana nafasi ya kurudi.

Mpunga, sumu na uwindaji

Wakulima wa mpunga huwalalamikia mabata wa filimbi na bata mwenye mwiba kwa kula mbegu zilizomwagwa na kukanyaga miche. Madai hayo yana ukweli wakati wa kupanda, lakini baada ya hapo mabata hula zaidi mbegu za magugu na punje zilizoanguka. Kilimo cha kupandikiza miche hupunguza hasara kuliko kumwaga mbegu, kwa kuwa miche iliyokua si chakula chao.

Sumu ni hatari kubwa kuliko bunduki. Dawa ya fenthioni hupulizwa kuua kwelea kwelea wanapolala katika matete, na ndege wengine walio pale hufa pamoja nao. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, wawindaji wametumia karbofurani, dawa ya wadudu ya rangi ya zambarau, kuwatega ndege wa maji mashambani mwa mpunga na kuwauza kama kitoweo. Mnunuzi hula nyama yenye sumu ileile. Ndege anayeuzwa bila jeraha la risasi wala alama ya mtego ni wa kutiliwa shaka.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda ndege wa mwitu bila leseni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa, kanuni ambayo kando ya Msimbazi imevunjwa wazi kwa miongo, mara nyingi na watu wasio na pengine pa kujenga. Tanzania pia ni mwanachama wa mapatano ya kuhifadhi ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ambayo hutaka nchi ziache risasi za risasi nyeusi, yaani za madini ya ledi, katika ardhioevu. Mabata humeza vipande hivyo wakidhani ni changarawe za kusagia chakula, na hufa polepole.

Homa ya mafua ya ndege huwahusu pia, kwani mabata wa mwitu huweza kubeba virusi bila kuugua. Januari 2017 Uganda ilithibitisha ugonjwa huo kwa ndege wa mwitu na mabata wa kufugwa karibu na Ziwa Viktoria. Mfugaji hujikinga kwa kutowanywesha bata wake maji ya bwawa linalotembelewa na ndege wa mwitu, na kwa kutookota mzoga kwa mkono mtupu.

Ndege wanaofanana na mabata

Si kila ndege anayeelea ni bata. Mnandi na mbizi huelea chini sana majini, wana domo jembamba, na hutoka kukausha mabawa yakiwa yametandazwa. Kibisi ni mdogo, mviringo, hana mkia na huzamia mara kwa mara. Kukuziwa ana domo fupi kama la kuku na huchezesha kichwa akiogelea. Domo pana lililo bapa ndilo alama ya hakika ya bata.

Kila Januari, nchi nyingi za Afrika hushiriki hesabu ya ndege wa maji inayoratibiwa na Wetlands International. Mwezi huo wageni wa kaskazini wangali wapo, na bwawa moja lililohesabiwa mahali palepale kila mwaka lina thamani kuliko mabwawa mengi yaliyohesabiwa mara moja. Kwa mwanafunzi wa Ilala vifaa vinavyohitajika ni darubini ya mkononi, daftari na asubuhi mapema, kabla ya saa mbili, mabata wa filimbi wakiwa wamerudi majini kulala.